Saa sita ya nani? Masista wanapopokezana zamu

Wadau, aliyewahi kulaza mgonjwa, iwe Temeke au Mwananyamala, anaijua saa ile. Sista wa usiku anakusanya mafaili, wa asubuhi anaingia, na ndugu tunaambiwa tupishe. Ndani ya dakika chache mgonjwa wako anatoka mikononi mwa mtu mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1897 Dar ilikuwa na hospitali mbili: Ocean Road ya Wazungu, na ile ya Sewa Haji, iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Mwaka 1956 Waingereza wakafungua Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Majengo tukayarithi, na uuguzi wa Kiingereza pia: vyeo, zamu, kitabu cha ripoti. Florence Nightingale alishaonya tangu 1859 kwamba muuguzi apange mambo yaende sawasawa hata akiwa hayupo.

Mji ukapanuka. Mwananyamala, Temeke na Amana zikakua hadi kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Wagonjwa wakaongezeka, lakini tulichorithi kikabaki na ufa mmoja: faili linaandikwa kwa Kiingereza, masista wanaelezana kwa Kiswahili.

Hebu fikiria dozi tu. Kwenye faili imeandikwa 6. Kwa Mswahili hiyo ni saa kumi na mbili. Sista aliyechoka akisema "saa sita", anamaanisha ipi? Sita ya faili au sita ya kwetu? Hapo dawa inaweza kurukwa, au kutolewa mara mbili.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri makabidhiano yawe na mpangilio maalumu, muda wa kuulizana maswali, na anayepokea arudie alichoambiwa. Marekani wana mtindo wa mambo manne uliotoka kwenye nyambizi za jeshi: hali ya sasa, historia, tathmini, pendekezo. Haya hayahitaji mashine ya mamilioni.

Mimi ningeongeza la tano, la kwetu: makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, kwa Kiswahili, na kila saa itajwe pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mgonjwa mwenyewe akisikia kosa, atasema, "Hapana sista, hiyo bado sijapewa."

Tafakari.