Majina ya Vilabu vya Uingereza na Reli za Mfano

Wasikilizaji wangu, habari nitakayowasimulia jioni hii yaweza kuonekana mwanzo wake kuwa mchezo wa watoto. Lakini mwenye kuifuata atajikuta amepita katika habari za kale za Uingereza kwa miaka zaidi ya mia sita.

Huko wako watu wazima, wenye kazi na jamaa zao, ambao wakati wa mapumziko hujenga juu ya meza reli ndogo ya mfano. Hawatosheki na gari la moshi peke yake. Hujenga na stesheni, daraja, kanisa, mashamba, na kilabu cha pombe, kwani kijiji cha Kiingereza kisicho na kilabu ni shida kukipata katika habari za zamani. Katika kipimo kinachopendwa na wengi, futi moja ya kweli huwa milimita 4, hata mtu mzima hana urefu wa pingili moja ya kidole gumba. Basi fundi akiisha kuezeka kilabu chake, hubaki na ubao mdogo wa kutundika mlangoni, naye hana budi kujiuliza: nyumba hii iitwe jina gani?

Wengine huandika jina lolote. Lakini mwenye kujua atacheka, kama vile ninyi mngecheka kuona picha ya kijiji cha bara yenye jahazi mlangoni mwa kila nyumba. Na jambo hili si la kicheko tu. Bwana Roye England, aliyefika Uingereza mwaka 1925 akitoka Australia, aliona nyumba za kale katika bonde la White Horse zikiharibiwa na kugeuzwa, akaazimu kuzihifadhi kwa njia ya mfano, nyumba moja baada ya nyingine, kwa kipimo hicho cha milimita 4. Kazi yake ndiyo asili ya makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Long Wittenham. Nyumba ya kweli ikiisha kubomolewa, na mfano wake ukapewa jina la uongo, mtoto atakayezaliwa baadaye atajifunza uongo huo, wala hatapata wa kumsahihisha.

Sasa majina hayo yalitoka wapi? Zamani mwenye kuuza pombe alisimamisha mti mlangoni, na juu yake akafunga matawi mabichi. Mwaka 1393, katika siku za Mfalme Richard wa Pili, wauza pombe waliamriwa watundike alama nje, ili wakaguzi wa pombe waijue nyumba. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama ilikuwa picha. Nembo ya mfalme huyo ilikuwa ayala mweupe mwenye taji ya dhahabu shingoni, na hata leo vilabu vingi huitwa White Hart, yaani Ayala Mweupe.

Jina jingine, Royal Oak, maana yake ni Mwaloni wa Mfalme. Mwezi wa Septemba mwaka 1651 Charles, kijana wa miaka 21, alishindwa vitani huko Worcester. Akakimbilia Boscobel, na mchana kutwa akajificha juu ya mwaloni wenye majani mengi, huku askari wa adui wakipekua msitu. Baadaye alivuka bahari mpaka Ufaransa. Aliporudi mwaka 1660 na kushika ufalme, watu walichora mti ule juu ya milango ya vilabu katika nchi nzima. Kwa sababu hiyo jina hilo halimponzi fundi: lafaa karibu kila mahali.

Majina mengine yana kwao. Penye kondoo na wafuma nguo utaona Robota la Sufu, na huko Cornwall, walikochimba bati, utaona Nembo ya Wachimba Bati. Jina la Reli au la Stesheni halikuweza kutangulia reli yenyewe, na njia ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Kisha lipo jina la mtengeneza pombe, ambalo huandikwa ubaoni pia. Mtu akiandika Tetley, pombe ya mji wa Leeds ulioko kaskazini, juu ya kilabu cha Cornwall cha mwaka 1930, amekwisha kujifedhehesha.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni nembo za mabwana wenye ardhi. Utafikiri kilabu kiitwacho Devonshire Arms kimo katika wilaya ya Devon. Sivyo, vingi vimo Derbyshire, mbali sana na Devon, kwa kuwa ardhi ya huko ilikuwa ya Duke wa Devonshire, ambaye nyumba yake ni Chatsworth. Katika nembo ya ukoo wake mna nyoka, na ndiyo asili ya jina la Snake Inn lililoko milimani huko. Wageni hudhani ni kwa sababu ya njia kupindapinda.

Tuseme, basi, fundi mmoja anajenga mfano wa stesheni ya Rowsley, huko huko Derbyshire, ambako reli ilifika mwaka 1849. Chatsworth haiko mbali, naye huenda akashika brashi tayari kuandika Devonshire Arms. Afadhali kwanza aangalie ramani kubwa za serikali, ambazo huonyesha vilabu, na vile vitabu vya zamani vya Kelly vilivyoorodhesha wafanya biashara wa kila kijiji. Ataona kwamba karibu na hapo pana Haddon, nyumba ya Duke wa Rutland, na kwamba reli ilipoendelea mpaka Bakewell ilipitishwa chini ya ardhi ili magari ya moshi yasionekane kutoka nyumba hiyo. Stesheni ya Bakewell ilichongwa nembo ya Duke huyo. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1968, na kutoka Bakewell kwenda upande wa Buxton sasa hupita waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Alama ya ukoo wa Rutland ni tausi. Na pale Rowsley pana nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1652, ambayo kwa miaka mingi imepokea wageni. Jina lake ni Peacock, yaani Tausi, na fundi wetu hana haja ya kubuni jingine.