Barabara Iliyochora Mpaka

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ukutani. Ninyi wengine, tafuteni Tukuyu. Sasa teremkeni kusini, piteni Kyela, mpaka mto Songwe. Hapo ndipo inapokoma Tanzania na kuanza Malawi.

Kwa nini mpaka uko hapo? Sababu kubwa moja ni barabara. Iliitwa Barabara ya Stevenson. Barabara yenyewe iliachwa, ikamezwa na pori na njia za baadaye. Lakini alama yake mnaivuka kila mwendapo Karonga.

Sikilizeni habari zake. Mwaka 1878 watu wa Glasgow, mji wa Uskochi, waliunda kampuni ya biashara. Baadaye iliitwa African Lakes Company, maana yake Kampuni ya Maziwa ya Afrika. Bidhaa zao zilifika Ziwa Nyasa kwa mito ya Zambezi na Shire. Lakini kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika ni nchi kavu, zaidi ya maili 200. Mwaka 1881 James Stevenson, mkubwa wa kampuni, alitoa fedha ili ikatwe barabara ya kuunganisha maziwa hayo mawili. James Stewart, fundi wa barabara, alianza kazi akafa mwaka 1883. William McEwan alishika mahali pake, naye akafa mwaka 1885. Barabara haikumalizika. Sehemu ya kwanza tu, toka Karonga kupanda milimani, ndiyo iliyotengenezwa. Kutoka hapo palibaki njia ya miguu.

Hata hivyo njia hiyo ilifanya kazi. Wamisionari walitaka meli ya chuma katika Ziwa Tanganyika. Meli ililetwa vipande vipande, ikachukuliwa na watu toka ziwa moja mpaka la pili. Mwaka 1885 ilishushwa majini, ikaitwa Good News. Hebu fikirini: chuma kizito begani, jua kali, na mlima mbele yako!

Ukiuliza ni nani aliyetoa fedha, vitabu vinajibu: Stevenson. Ni nani aliyepima njia? Stewart. Je, ni nani waliofyeka miti, wakavunja mawe, wakabeba meli? Vitabu vinasema "wapagazi", basi. Majina yao hayakuandikwa.

Ukafika mwaka 1890. Wajerumani na Waingereza walikuwa wakigawana nchi za Afrika. Wajerumani waliitaka nchi iliyo baina ya maziwa. Waingereza walikataa kuiachia barabara. Tarehe 1 Julai 1890 walitia sahihi mkataba. Mpaka ukafuata mto Songwe, nayo barabara ikabaki kusini, upande wa Waingereza. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili walikuja kuupima mpaka huo.

Wazee wa Wanyakyusa hawakuulizwa. Kyungu, mtawala wa Wangonde, hakuulizwa. Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu, na lugha zao zinasikilizana. Lakini tangu siku hiyo ndugu wa ng'ambo moja walikuwa chini ya serikali moja, na ndugu wa ng'ambo ya pili chini ya serikali nyingine. Barabara isiyomalizika iligawanya watu ambao mto haukuwagawanya.

Tunajifunza nini? Jiwe la ukumbusho laweza kung'olewa, na barabara yaweza kuota majani. Kilichoandikwa ndicho kinachoshuhudia. Mkataba uliandikwa, na mpaka upo mpaka leo. Wapagazi hawakuandikwa, na majina yao yamepotea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina la mtu ni mali.

Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Kijijini kwenu kuna njia, daraja au shule iliyojengwa kwa mikono ya watu. Waulizeni wazee, kisha andikeni majina ya waliojenga, na mwaka wa kazi hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Waingereza waliitaka barabara ya Stevenson?
2. Mpaka wa Songwe uliwabadilishia nini Wanyakyusa na Wangonde?
3. Ni kazi gani ya kijiji chenu inayofaa kuandikwa kabla haijasahauliwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.