Jabira: Mfupa Uliovunjika Baina ya Tiba na Fiqhi

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeiumba mifupa ya mwanadamu kisha akaivika nyama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika bonde la Kilombero mfupa huvunjika kwa sababu zinazojulikana na kila mtu. Kijana huanguka kutoka juu ya mwembe, bodaboda huteleza katika tope la masika, bibi mzee hujikwaa kizingitini. Kwa miaka mingi aliyeumia ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, alikuwa hana budi kungoja kivuko hapa Kivukoni ndipo afike Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Muunga mifupa wa kijijini alikuwa karibu zaidi. Mwaka 2018 daraja la mto Kilombero lilizinduliwa, na njia ikafupika. Hata hivyo maswali mawili yamebaki: Mgonjwa apelekwe kwa nani? Na ataswali vipi ilhali mguu umefungwa? Ukiyatazama vizuri, maswali haya yana jibu moja.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawalaumu kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi mtu yule hakuuawa na jiwe peke yake. Aliuawa na fatwa ya wasiojua.

Wanazuoni wa tiba nao walishika njia hiyo hiyo. Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013), aliandika At-Tasrif yenye makala 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna mlango mrefu wa kuunga mifupa. Alilalamika kwamba watu wanashika kisu bila kujua maumbile ya mwili. Yeye na Ibn Sina (aliyefariki 428 Hijria, 1037) walitahadharisha kufunga banzi kwa kukaza mapema, kabla uvimbe haujapungua. Kisha Abdul Latif Al-Baghdadi, katika njaa kubwa ya Misri ya miaka 597 na 598 Hijria (1201–1202), alichunguza mifupa ya waliokufa. Akakuta taya la chini ni mfupa mmoja, kinyume na alivyosema Galen, tabibu mkubwa wa Wayunani. Hakumfuata mkubwa kwa ukubwa wake, alitazama, akathibitisha.

Ndugu msomaji, tahadhari ile ya uvimbe ingali na uzito wake. Mguu uliovunjika huvimba. Ukikazwa kwa vijiti na kamba, damu huzuiwa, na nyama hufa. Vidole vikiwa baridi, vikififia rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, kifungo kilegezwe na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Wengine wamekatwa mguu ambao mfupa wake ungeunga vizuri. Na mfupa uliotoboa ngozi haukandwi wala hauvutwi nyumbani: hufunikwa kwa kitambaa safi, kiungo hutulizwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Fiqhi haikuliacha jambo hili hewani. Imepokewa katika Hadithi kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu, ni juu yake dhamana. Kwa hiyo muunga mifupa aliyeharibu kiungo kwa ujinga hawezi kujikinga kwa kusema ni kadari.

Ama swala, anayeweza kuondoa kifungo bila madhara atakiondoa aoshe. Asiyeweza, ama amefungwa banzi ama amewekwa hogo, ana ruhusa. Kwa madhehebu ya Shafi'i, ambayo ni ya wengi wetu, ataosha palipo salama, atapaka maji juu ya jabira, na atatayamamu. Hatalipa swala ikiwa jabira ilifungwa akiwa na tohara, haikufunika palipo salama zaidi ya haja, wala haiko usoni au mikononi. Sharti likikosekana ataswali, kisha atalipa. Hanafi na Maliki hawamlazimishi kulipa. Wala jabira haina muda maalumu kama khofu. Ruhusa hudumu mpaka kupona. Basi mtu asikatae hogo kwa kuchelea udhu wake, na asiache swala kwa sababu ya hogo.

Kukinga nako ni katika kuondoa madhara. Mtoto apate jua, maziwa na dagaa ili mifupa yake isipinde. Mama aliyekoma hedhi ajue kuwa mifupa yake hupungua nguvu, hivyo atembee, ale vizuri, na njia yake ya usiku iwe na taa.

Maimamu wetu wayaseme haya mimbarini. Aliyevunjika huja kwetu akiwa na maumivu na haraka, na hushika neno la kwanza analoambiwa. Asiyejua amwelekeze kwa anayejua, katika mfupa kama katika udhu.

Wallahu aalam.