Dubious

Dubious ni kivumishi cha Kiingereza kinachoeleza hali ya shaka. Kimetokana na Kilatini dubiosus, kutoka dubius, neno lenye undugu na duo, yaani mbili: hali ya mtu anayesitasita kati ya njia mbili. Kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 16. Kina matumizi mawili, na hapo mwanafunzi awe makini sana: humweleza mtu anayeshuku, au jambo linaloshukiwa. Mtu akiwa dubious kuhusu mkataba, ana wasiwasi nao. Mkataba wenyewe ukiwa dubious, huenda una ulaghai ndani yake. Matumizi haya ya pili ni makali, kwani kumwita mfanyabiashara hivyo ni kugusa heshima yake. Kivumishi chenye maana ya karibu, doubtful, ambacho shina lake lilipitia Kifaransa cha kale, ni laini zaidi.