Bochum: Magari juu ya Mgodi wa Makaa

Mwaka 1958 makaa ya mawe yalianza kurundikana bila wanunuzi katika bonde la Ruhr, Ujerumani Magharibi, kwa kuwa mafuta ya petroli na makaa kutoka Marekani yaliuzwa kwa bei nafuu zaidi. Mwaka huohuo mgodi wa Dannenbaum, mjini Bochum, ulifungwa. Oktoba 1962, palepale ulipokuwa mgodi, kampuni ya magari ya Opel ilifungua kiwanda cha kuunda gari la Kadett, na miongoni mwa walioajiriwa walikuwamo wachimbaji wengi wa zamani. Waliacha kushuka shimoni, wakashika spana juu ya ardhi ileile.

Husemwa kwamba mtu aliyezeeka na kazi moja hafundishiki nyingine. Bochum yapinga hoja hiyo. Mchimbaji alikwisha kuzoea zamu, mashine na nidhamu ya kufanya kazi kwa kundi, mengine alifundishwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa ardhi. Kampuni za makaa zilimiliki maeneo mengi ya Ruhr na hazikutaka kuyauza, zikihofia viwanda vipya vingewavuta wafanyakazi na kupandisha mishahara. Ndiyo maana mazungumzo na Opel yaliendeshwa kwa siri, na mji wenyewe ukajitwisha jukumu la kupata uwanja na kuuandaa. Kuna watakaolalamika kuwa hizo ni fedha za umma kumtengenezea tajiri njia. Lakini mji wenye wanaume maelfu wasio na kazi nao hulipa, tena bila kupata kiwanda. Isitoshe, msaada ulikuja mapema: mgodi wa mwisho wa Bochum, Hannover, ulifungwa 1973, miaka 11 baada ya kiwanda cha Kadett kufunguliwa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba Opel nayo ilifunga kiwanda hicho Desemba 2014. Je, kazi yote ilikuwa bure? Hapana. Mchimbaji aliyeingia pale akiwa na miaka 30 alipata mshahara hadi akastaafu, na watoto wake walikulia mtaa uleule. Kiwanda kipya hakidumu milele. Chadumu kile ambacho mji umekijenga kando yake. Bochum ilifungua chuo kikuu mwaka 1965, wakati magari yakinunuliwa kwa wingi, na leo kwenye uwanja wa Dannenbaum kuna kituo cha vifurushi na majengo ya utafiti. Wafanyakazi wa sekta inayokufa hupokelewa vyema pale ambapo ardhi, mafunzo na kazi mpya vimeandaliwa kabla mgodi wa mwisho haujafungwa.