Diski Tatu za Maneno ya Mrima

Kila mtunzi anaijua adha hii: neno ulilisikia, ukalipenda, ukaliandika mahali, siku unapolihitaji kwa ajili ya kina cha ubeti, hulioni. Padri Charles Sacleux, aliyepata kuishi katika misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868, alikusanya maneno ya mwambao kwa miaka mingi kabla ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kuchapishwa Paris mwaka 1939. Kizazi changu kiliirithi kazi hiyo kwa kadi za karatasi, kisha kwa kompyuta.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza. Katazo hilo lilipolegezwa, programu nyingi zilizokuja zilikuwa za mahesabu na barua. Iliyotufaa sisi watu wa maneno ni CDS/ISIS. Asili yake ni Shirika la Kazi Duniani, Geneva, katika miaka ya 1960. UNESCO iliiendeleza, ikatoa toleo la kompyuta ndogo mwaka 1985, na kuligawa bure kwa taasisi zisizofanya biashara. Ndiyo maana maktaba nyingi za Afrika ziliitumia.

Ubora wake ulikuwa huu: maelezo yaliweza kuwa marefu au mafupi kadiri ya haja, na kipengele kimoja kiliweza kurudiwa. Chukua neno demani. Ni kamba ya tanga. Tena ni majira ya mwisho wa kusi. Katika sanduku la kadi, kadi moja hukaa mahali pamoja tu. Humo neno liliandikwa mara moja, likaitika lilipoitwa kwa fungu la vyombo na lilipoitwa kwa fungu la majira. Huko Marekani, kampuni ya Lotus ilitoa Agenda mwaka 1988, programu iliyomwacha mtu aandike wazo lake kwanza, mafungu yafuate baadaye. Nayo iliachwa baada ya miaka michache.

Katika miaka ya 1990 niliingiza kwenye ISIS maneno ya vyombo na uvuvi niliyopewa na wazee, kuanzia Kaole hadi Winde na Saadani. Kila neno lilikuwa na maana yake, mahali pake na jina la aliyelisema. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Diski tatu nilizohifadhia zilibaki kabatini, katika hewa ya chumvi.

Mwaka jana nilianza kuzitafutia njia ya kusomeka. Diski mbili zilifunguka. Ya tatu ilikuwa imeota ukungu, ikagoma kabisa. Nilipolitazama faili kuu bila programu yake, niliyaona maneno yangu yote, lakini yameshikana kama mkufu usio na nafasi kati ya shanga: haikujulikana maana inaishia wapi na jina la mtu linaanzia wapi. Nikapata nakala ya zamani ya ISIS, nikaiendesha ndani ya DOSBox, programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani. Ikadai jedwali la vipengele. Jedwali hilo lilikuwa kwenye diski iliyooza.

Kilichoniokoa ni daftari. Katikati ya maandalio ya masomo nilikuta ukurasa nilioandika kwa kalamu: 10 neno, 20 maana, 30 mahali, 40 msemaji. Nikalitengeneza jedwali upya kwa kufuata namba hizo, nikaandika demani. Likaitika mara mbili, kama zamani.

Maneno ya Saadani, yaliyokuwa peke yake katika diski ya tatu, yamepotea. Nimeanza kurudi huko kuwauliza wajukuu, nao hunipa joshi na foromali, kisha husita. Yaliyosalimika nimeyatoa katika ISIS, nikayahifadhi kama maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote huyasoma. Ama majina ya kipengele cha 40, nimeyanakili kwa mkono katika daftari lilelile, chini ya zile namba nne.