Kununua nyumba bila dalali: mwenzi wa muuzaji ameridhia?

Ukinunua nyumba kwa mwenyewe moja kwa moja, unaokoa pesa ya dalali, lakini kazi ya kuulizia inabaki kwako. Anza na hili: muuzaji ana mke au mume? Nchini Tanzania, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama iko kwa jina lake peke yake. Mwenzi huyo aje, asaini. Ukiambiwa “amesafiri”, subiri arudi.

Majirani nao waulize, hasa habari za mirathi. Kijijini, muhuri wa mwenyekiti pekee hautoshi. Hatimiliki ya kimila huhamishwa kwa idhini ya halmashauri ya kijiji. Pesa ipitie benki.